Haogopi Kiboko, Anaogopa Jopo

Giza likiingia Mweya, viboko huacha maji ya Mfereji wa Kazinga na kupanda nchi kavu kula majani, wakipita katikati ya nyumba za askari wa hifadhi, wafanyakazi wa hoteli na watafiti. Mgeni huonywa mapema: usitoke bila tochi, usisimame kati ya mnyama na maji. Baada ya wiki chache huwa amezoea. Mwanafunzi wa uzamivu anaweza kuishi miaka mitatu au minne kwenye rasi hii ya Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, akiamka alfajiri kufuata wanyama, akikwepa nyati na nyoka, na bado asipate hata lepe la usingizi usiku wa kuamkia siku ya kutetea tasnifu yake. Kiboko hakumtoa jasho. Watakaomtoa jasho ni watu wanne au watano nyuma ya meza, kila mmoja na nakala yake iliyochorwa kalamu nyekundu.

Wakubwa humwambia kijana huyo maneno yale yale: usiogope, kazi yako unaijua, mwombe Mungu. Ni maneno mema, ila yanaitwika hofu yote mabegani mwa mtahiniwa kana kwamba ni kasoro ya tabia yake. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya hofu hiyo hutokana na namna mtihani wenyewe unavyoandaliwa. Chuo kinachoandaa mtihani ndicho chenye uwezo wa kuipunguza, tena bila kulegeza kiwango cha shahada hata kidogo.

Mweya ina haki ya kutajwa katika jambo hili, kwa kuwa imezalisha wasomi kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1961 Wakfu wa Nuffield wa Uingereza, uliotokana na utajiri wa mtengenezaji wa magari ya Morris, uligharimia hapa kituo cha kuchunguza ikolojia ya wanyama wa tropiki. Mkurugenzi wake wa kwanza, Richard Laws, alikuwa amejifunza kazi kwa kuchunguza sili wakubwa wa bahari za kusini, na baadaye aliongoza shirika la Uingereza la utafiti wa Antaktika. Swali zito la siku hizo lilikuwa viboko. Walikuwa wengi mno, wamekula majani mpaka udongo ukabaki uchi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wale wa rasi ya Mweya walipigwa risasi na kuondolewa, kisha watafiti wakapima mwaka hadi mwaka jinsi majani yalivyorudi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kituo kikawa Taasisi ya Ikolojia ya Uganda. Utawala wa Idi Amin, vita vya 1979 na ujangili uliofuata viliwamaliza tembo wengi wa hifadhi, lakini utafiti ulirudi. Tangu 1995 kundi moja la watafiti linafuatilia nguchiro wenye michirizi mgongoni, wale wanaoonekana wakikimbia kwa makundi karibu na majengo ya Mweya. Kila mnyama anajulikana kwa alama yake. Wamefundishwa kupanda kwenye mizani kwa ujira wa maziwa kidogo, na hivyo uzito wao unajulikana tangu utotoni hadi kifo. Kazi hiyo imezaa tasnifu kadhaa za uzamivu zilizotetewa Cambridge, Exeter na kwingineko, na Waganda wanaoyafuata makundi hayo kila siku wametajwa miongoni mwa waandishi wa makala zilizochapishwa katika majarida ya kimataifa.

Sasa turudi kwenye jopo.

Mwaka 1993 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walichapisha njia ya kumtia binadamu mfadhaiko ndani ya maabara bila kumdhuru. Hawakutumia nyoka wala umeme. Mtu alipewa dakika chache za kujiandaa, akasimamishwa mbele ya jopo lililofundishwa kutotabasamu wala kutikisa kichwa, akajieleza, kisha akaambiwa ahesabu kwa sauti kutoka 1,022 akitoa 13 kila mara. Akikosea, aanze upya. Kotisoli, ile homoni ambayo mwili huimwaga unapohisi kitisho, ilipanda mara mbili hadi nne katika mate ya waliojaribiwa. Kwa hiyo wanasayansi walipotafuta kitisho cha uhakika ambacho kingemshika karibu kila mtu, walibuni kitu kinachofanana sana na utetezi wa tasnifu. Jaribio hilo bado linatumika duniani kote.

Mwaka 2004 wanasaikolojia wawili wa California, Sally Dickerson na Margaret Kemeny, walikusanya matokeo ya tafiti 208 za aina hiyo ili kujua ni nini hasa kinachoipandisha kotisoli. Walipata mambo mawili. La kwanza ni kupimwa na watu wengine katika jambo ambalo mtu analithamini. La pili ni kukosa uwezo wowote wa kuathiri yatakayotokea. Mambo hayo mawili yakikutana, mwili hupiga kengele kwa nguvu zaidi, na huchukua muda mrefu zaidi kutulia.

Ugunduzi huo una funzo kwa wakuu wa vyuo vyetu. Kupimwa hakuondoki, maana mtihani bila kupimwa si mtihani. Lakini kukosa uwezo kunaweza kupunguzwa, na sehemu yake kubwa ni kutojua. Mtahiniwa wa kawaida hajui nani ataanza kuuliza. Hajui kama anaruhusiwa kufungua tasnifu yake na kutafuta ukurasa. Hajui kama kunywa maji kutaonekana utovu wa adabu, kama akisema “sijui” ndiyo mwisho wake, kama atatolewa nje jopo likishauriana, au kama hukumu itasomwa hapo hapo mbele ya mama yake aliyesafiri kutoka Bwera, mpakani mwa Kongo. Maswali hayo yote yanajibika kwa karatasi moja. Karatasi hiyo isipotolewa rasmi, mtahiniwa huokota majibu kwa waliomtangulia, na waliomtangulia hupenda kusimulia vioja zaidi ya kanuni.

Wanyama nao wanashuhudia. Robert Sapolsky, Mmarekani aliyewachunguza nyani wa Maasai Mara kwa miongo mingi, alionyesha kwamba katika makundi yenye ngazi zilizotulia, nyani wa chini ndio waliokuwa na kiwango kikubwa cha homoni za mfadhaiko hata wakiwa wamepumzika. Hao ndio wanaopigwa bila kujua pigo litatoka wapi wala lini. Huko Mweya, watafiti walipima homoni kama hizo kwenye kinyesi cha nguchiro wenye mimba, wakaona waliokuwa na kiwango kikubwa walipoteza sehemu kubwa zaidi ya watoto wao kabla hawajatoka shimoni. Mwanafunzi anayekwenda kutetea utafiti wa namna hiyo huwa amebeba hofu ya viumbe wengine katika vichupa vya maabara. Ni ajabu kwamba hofu yake mwenyewe inaachwa iwe siri yake na mto wa kulalia.

Vyumba vya mtihani wa uzamivu havifanani, na tofauti hizo zina historia. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Kuanzia 1949 ilifundisha kwa ajili ya shahada za Chuo Kikuu cha London, hadi 1963 ilipoingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam; mwaka 1970 ikajitegemea. Desturi ya Uingereza iliyorithiwa hapo ni chumba kilichofungwa: mtahini wa ndani, mtahini wa nje, mtahiniwa, na mlango nyuma yao. Aliye nje huona tu mtu akiingia na mtu akitoka. Hivyo ndivyo mtihani ulivyopata sifa ya kuwa jando la wasomi, jambo lisilosimuliwa kwa ambao hawajalipitia.

Uholanzi wamefanya kinyume. Utetezi ni wa hadhara, ndugu na majirani hukaa ukumbini, na mtahiniwa husimama akiwa na wasindikizaji wawili aliowachagua mwenyewe, mara nyingi rafiki na ndugu. Maswali huchukua muda uliopangwa, chini kidogo ya saa moja. Muda ukiisha, mshika fimbo wa chuo huingia na kutangaza kwa Kilatini kwamba saa imetimia, na hapo mjadala hukoma hata kama profesa yuko katikati ya sentensi. Waswidi hutundika nakala ya tasnifu kwa msumari hadharani wiki kadhaa kabla, ili mwenye swali alete, na mtu mmoja mwenye cheo cha mpinzani hupewa kazi ya kuichambua mbele ya watu wote. Huko nako maswali ni makali na watu hutetemeka. Lakini wanatetemekea jambo wanalolijua sura yake, kwa sababu walishakaa ukumbini mara nyingi wakiwatazama wenzao.

Makerere ya leo imeufungua mlango. Hutangaza utetezi wa uzamivu, na watu wa nje wanaruhusiwa kuhudhuria. Hilo linastahili pongezi. Hata hivyo, mlango uliofunguliwa Kampala haumsaidii sana aliye Mweya. Kutoka Kasese hadi Kampala ni safari ya siku nzima ya basi, nauli si ndogo, na mwanafunzi aliye porini hawezi kuacha wanyama wake siku tatu ili akamtazame mtu mwingine akiulizwa maswali. Matokeo yake, wengi huingia katika utetezi wa kwanza maishani mwao siku wanapotetea wao.

Historia ya wasomi wa Afrika Mashariki inaonyesha pia upande ambao hofu huwa inauficha: mara nyingi mtu anayejua zaidi katika chumba kile ni mtahiniwa. Jane Goodall aliingia Cambridge mwaka 1962 kusomea uzamivu bila shahada ya kwanza, akitokea Gombe, Tanzania. Wasomi walimkosoa kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba na kuwazungumzia kana kwamba kila mmoja ana tabia yake. Hakuwa na vyeti vya kuwajibu. Alichokuwa nacho ni miezi mingi ya kukaa msituni na sokwe hao, jambo ambalo wakosoaji wake hawakuwahi kulifanya. Cambridge ilimpa uzamivu mwaka 1966.

Mwaka mmoja kabla, huko London, Bethwell Ogot kutoka magharibi mwa Kenya alipata uzamivu wa historia kwa kazi juu ya Wajaluo wa kusini. Aliijenga juu ya masimulizi ya wazee, wakati wanahistoria wengi waliamini kwamba pasipo maandishi hapana historia. Na Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa tayari profesa wa Makerere mwaka 1965, ilhali uzamivu wake wa Oxford ulikuja 1966. Hata aliyekwisha kuwatahini wengine ilimbidi atahiniwe.

Kinachowaunganisha Goodall na Ogot ni ushahidi waliotoka nao mahali pa kazi. Wazee waliomsimulia Ogot na sokwe wa Gombe walikuwa upande wa mtahiniwa chumbani. Anayetoka Mweya naye ana mashahidi wake: daftari za miaka minne, vipimo vya kila alfajiri, majina ya makundi ya wanyama ambayo hakuna mtahini anayeweza kuyataja. Shida ni kwamba mashahidi hao hulala kwenye majedwali. Mwanafunzi ameandika kurasa 250 peke yake, kimya kimya, na siku ya mwisho anatakiwa azungumze. Ujuzi anao, ulimi ndio haujazoea.

Yapo mambo ambayo mtahiniwa anaweza kuyafanya mwenyewe, na si haki kuyadharau. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha majaribio ambayo watu waliokuwa karibu kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu mbele ya wengine waliambiwa wajisemee maneno tofauti. Waliosema kwamba wana hamu kubwa walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kusema wametulia. Sababu inaeleweka. Moyo unaodunda kwa hofu na moyo unaodunda kwa hamu hudunda karibu namna moja; kuubadilisha jina mdundo ni rahisi kuliko kuuzima. Kuvuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi ya ulioivuta hupunguza mapigo. Kulala ni bora kuliko kukesha ukisoma sura ya tatu kwa mara ya kumi.

Kahawa ya miteremko ya Rwenzori ni fahari ya Kasese, lakini vikombe vinne asubuhi ya utetezi huongeza mtetemeko uliopo. Waragi ya kutuliza roho hulegeza ulimi na akili pamoja. Wengine huulizana kwa siri kuhusu vidonge vya propranolol, dawa ya moyo iliyobuniwa na timu ya James Black katika miaka ya 1960. Kweli huzuia mikono kutetemeka, lakini huweza kumletea balaa mwenye pumu, na haifai kumezwa kwa ushauri wa mwenzako wa bwenini. Atakayeihitaji aende kwa daktari, tena wiki kadhaa kabla.

Jambo jingine la kujua ni matokeo yenyewe. Wengi huamini kuna kupita na kuanguka tu. Kwa kawaida kanuni zina ngazi kadhaa: kupita moja kwa moja, kupita kwa masahihisho madogo, masahihisho makubwa, kuwasilisha upya, na mwisho kabisa kushindwa. Kurudishiwa tasnifu na orodha ya masahihisho ni jambo la kawaida kabisa, wala si aibu ya ukoo. Mtahiniwa aliyeelezwa hivyo mapema haingii chumbani akidhani anasimama mbele ya hakimu wa kesi ya mauaji.

Lakini ushauri wote huo utabaki nusu tiba iwapo vyuo havitabadilika. Na hapa Kasese ina la kuvifundisha. Katika miaka ya 1950, mwalimu wa shule ya msingi Isaya Mukirane aliunda chama cha kutafiti maisha na historia ya Wakonzo. Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba watu hao wa milima ya Rwenzori walikusanya elimu yao kwa kuulizana ana kwa ana. Waulizaji wa namna hiyo bado wapo. Waongozaji wa watalii Mweya wanawajua wanyama kuliko profesa yeyote wa Kampala. Wavuvi na wachimba chumvi wa Katwe wanaishi na viboko na tembo hao kila siku. Walimu wa Bwera, mji wa mpaka wa Mpondwe ambako Kiswahili huvuka kila siku kwenda na kurudi Kasindi, Kongo, wanajua kuuliza swali mpaka mwanafunzi aeleweke.

Mtahiniwa akisimama mbele ya watu hao na kueleza kwa Kiswahili au Lukonzo kwa nini alipima kinyesi cha nguchiro kwa miaka mitatu, ataulizwa maswali ambayo mtahini wa nje hathubutu kuyauliza. Inatusaidia nini? Uliwahesabuje? Mbona mvuvi anasema tofauti? Akimaliza hapo, jopo halitamkuta bubu. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Utafiti unaofanywa kwenye ardhi ya watu hawa ungekuwa mahali pazuri pa kuanza kukitumia kwa jambo la maana.

Wapo watakaosema kwamba kumwandaa mtahiniwa kiasi hicho ni kumbembeleza, na kwamba uzamivu wenye hofu ndogo utakuwa uzamivu wa bei ya chini. Hoja hiyo inachanganya ugumu wa swali na giza la chumba. Swali linaweza kuwa gumu kama jiwe hata mtu akijua dakika zake, ngazi za hukumu na jina la anayeuliza. Tena hofu iliyopita kiasi humharibia mtahini kazi yake. Mtu aliyekauka koo na kusahau idadi ya sampuli zake haonyeshi anachokijua, anaonyesha jinsi anavyotishika. Shahada hii haitolewi kwa ushujaa wa kutazamwa.

Basi Makerere, Mbarara, Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon cha Fort Portal na vyuo vingine vinavyopeleka wanafunzi magharibi mwa Uganda vichukue hatua nne ambazo hazihitaji bajeti kubwa. Kila mwanafunzi apewe karatasi ya utaratibu wa utetezi siku anapoandikishwa, isiwe wiki ya mwisho. Kila mmoja ahudhurie utetezi wa wenzake angalau mara tatu kabla ya wake, na walio mbali kama Mweya warushiwe kwa intaneti. Msimamizi asitie sahihi ya kuwasilisha tasnifu mpaka mwanafunzi awe amefanya utetezi wa mazoezi mbele ya watu wasio wa idara yake. Na kwa utafiti uliofanyika hifadhini, zoezi mojawapo lifanyike Kasese, mbele ya watu wanaoishi na wanyama hao, kwa lugha wanayoielewa. Wasimamizi wanaweza kuanza na hatua hiyo ya mwisho muhula huu huu, bila kusubiri kikao cha seneti.